ETF za gawio kwa mkazi wa Kanada: VDY, XEI, ZWC au XEQT?

Hesabu ambayo watu wengi huanza nayo ni hii: nataka dola 500 kila mwezi, za kutuma nyumbani au za kulipia umeme na simu, bila kugusa mshahara. Dola 500 kwa mwezi ni 6,000 kwa mwaka. Mfuko unaotoa gawio la asilimia 2 utadai mtaji wa dola 300,000. Wa asilimia 4 utadai 150,000. Wa asilimia 6, laki moja tu. Ukikutana na ule unaojitangaza kwa asilimia 10, basi 60,000 zinatosha. Ukiitazama orodha hiyo kwa haraka, unaona uamuzi umeshajifanya wenyewe: chukua wenye gawio nono, kazi imekwisha.

Kazi haijaisha. Gawio halitoki hewani. Linatoka ndani ya mfuko. Kipande chenye thamani ya dola 50 kikilipa senti 50, asubuhi ya siku kinapoanza kuuzwa bila haki ya gawio hilo bei yake huanzia 49.50 hivi, mengine yote yakiwa sawa. Kwa hiyo swali la kuuliza si "inalipa ngapi?" bali ni mawili: ndani yake mna nini, na utaiweka kwenye akaunti gani. Nitalinganisha kwa maswali hayo mawili ETF zinazotajwa sana, yaani mifuko ya uwekezaji ambayo vipande vyake hununuliwa na kuuzwa sokoni kama hisa. Dola zote hapa ni za Kanada.

Viwango vya gawio kwenye jedwali hubadilika bei inapopanda na kushuka, hivyo vichukulie kama makadirio.

| Mfuko | Kilichomo | Ada kwa mwaka | Gawio | Hulipa |
|---|---|---|---|---|
| VDY (Vanguard) | kampuni zaidi ya 50 za Kanada zenye gawio kubwa | 0.22% | karibu 4% | kila mwezi |
| XEI (iShares) | kampuni hadi 75 za Kanada zenye gawio kubwa | 0.22% | 4.5% hadi 5% | kila mwezi |
| CDZ (iShares) | kampuni za Kanada zilizoongeza gawio miaka mitano mfululizo | 0.66% | karibu 3.5% | kila mwezi |
| ZWC (BMO) | kampuni za Kanada zenye gawio, pamoja na uuzaji wa opsheni | 0.72% | karibu 6% | kila mwezi |
| XEQT (iShares) | maelfu ya hisa za dunia nzima | karibu 0.2% | 2% au chini kidogo | kila miezi mitatu |

Kabla ya kubishana kuhusu mistari hiyo, angalia safu ya ada. Mifuko ya pamoja inayouzwa kwenye matawi ya mabenki ya Kanada mara nyingi hutoza karibu asilimia 2 kwa mwaka. Kwenye dola 100,000 hiyo ni 2,000 kila mwaka, soko lipande lisipande, wakati VDY au XEI itakutoza 220. Aliyetoka huko na kuingia kwenye yoyote kati ya hizi ameshajiongezea kipato kabla hajachagua.

VDY na XEI: pacha wasiofanana

Ukifungua orodha ya hisa kumi kubwa za mifuko hii miwili utadhani umefungua ukurasa mmoja mara mbili. RBC, TD, Scotiabank, Enbridge, Canadian Natural Resources: majina ni yaleyale. Tofauti iko kwenye uzito. Faharasa inayofuatwa na XEI, yaani orodha ya hisa ambayo mfuko unainakili, hairuhusu kampuni moja kuzidi asilimia 5 wala sekta moja kuzidi asilimia 30 inapopangwa upya. VDY haibanwi hivyo: zaidi ya nusu ya pesa zake ziko kwenye mabenki na bima, na sehemu kubwa ya kilichobaki iko kwenye mafuta na mabomba ya gesi.

Maana yake ni kwamba anayenunua VDY ananunua kwanza kabisa mabenki makubwa sita ya Kanada. Hilo si baya. Mabenki hayo hayakupunguza gawio hata katika msukosuko wa 2008, na Bank of Montreal imekuwa ikilipa tangu 1829, kabla ya Kanada yenyewe kuwa nchi. Machi 2020 msimamizi wa mabenki aliyazuia kuongeza gawio, zuio lililoondolewa Novemba 2021, lakini yaliendelea kulipa kile yalichokuwa yakilipa. Ndiyo maana katika muongo uliopita VDY imeishinda XEI kwa faida ya jumla: mabenki yalipanda, nayo ilikuwa imejaa mabenki.

XEI inatawanya zaidi, lakini nayo ina ugonjwa wake, ambao ni ugonjwa wa kila mfuko unaotafuta gawio kubwa. Bei ya hisa ikiporomoka, kiwango cha gawio kinapanda chenyewe, kwa sababu kinapigwa kwa kugawa gawio kwa bei. Kampuni inayougua inaonekana tamu. BCE, kampuni ya simu iliyokuwa ikihesabiwa kuwa salama na vizazi viwili vya wastaafu, ilifikia kiwango cha zaidi ya asilimia 10 mwanzoni mwa 2025. Mei mwaka huohuo ikashusha gawio lake la mwaka kutoka dola 3.99 hadi 1.75. Suncor ilifanya vivyo hivyo Mei 2020 kwa asilimia 55, na Algonquin Power Januari 2023 kwa asilimia 40. Aliyekuwa na hisa ya BCE peke yake alipoteza zaidi ya nusu ya kipato kwa tangazo moja. Aliyekuwa na XEI, ambamo kampuni hiyo ni kipande kimoja kati ya vingi, aliona gawio la mwezi likitikisika kidogo tu. Hapo ndipo ETF inapolipia ada yake.

Kati ya hizi mbili mimi ningeegemea XEI kwa mtu ambaye gawio ndilo tegemeo lake, kwa sababu ya kile kikomo cha sekta. Mwenye kuamini mabenki achukue VDY, sitamzuia. Ila kununua zote mbili "ili kutawanya" ni kujidanganya: umenunua hisa zilezile kwa majina mawili. Ukiongeza XIC, ambayo ni soko zima la Kanada kwa ada ya asilimia 0.06, bado uko palepale, maana karibu theluthi ya soko hilo ni taasisi za fedha.

CDZ nitaipita haraka. Wazo lake ni zuri, kutaka kampuni zenye historia ya kuongeza gawio, lakini ada ni mara tatu ya jirani zake na gawio ni dogo kuliko lao. Kwa matumizi tunayozungumzia hapa siioni sababu yake.

ZWC na ndugu zake: kulipwa leo kwa kuuza kesho

Hii ndiyo mifuko inayowavuta watu, na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko yote. Mfuko unashika hisa za kawaida, kisha kwa karibu nusu ya hisa hizo unamuuzia mtu mwingine haki ya kuzinunua kwa bei iliyokubaliwa kabla ya tarehe fulani. Haki hiyo ndiyo opsheni. Malipo yanayopokelewa kwa kuiuza huongezwa kwenye gawio, na ndiyo yanayofanya asilimia 4 ionekane 6.

Chukua mfano wa kubuni. Benki inauzwa dola 100 kwa hisa. Mfuko unauza haki ya kuinunua kwa 105 na kupokea dola 1. Hisa ikibaki 101, safi, dola 1 ni ya kwako. Ikipanda hadi 115, mnunuzi wa haki anaichukua kwa 105. Wewe umepata 6, mwenzako aliyeshika hisa bila mbwembwe amepata 15. Ikianguka hadi 80, umepoteza 19 na yeye 20. Yaani unakula hasara karibu yote na kuachia sehemu nzuri ya kupanda. Kwa kuwa opsheni huuzwa kwa nusu tu ya hisa, makali yanapungua, lakini mwelekeo ni uleule.

Ulinganisho wa haki kabisa unapatikana ndani ya nyumba moja ya BMO. ZEB inashika mabenki sita kwa uzito sawa. ZWB, iliyoanza 2011, inashika mabenki yaleyale sita, ikiwemo kwa kupitia ZEB yenyewe, halafu inauza opsheni juu yake. Ada ya ZEB ni asilimia 0.28, ya ZWB ni 0.72. ZWB inalipa gawio kubwa kila mwezi, na tangu ianze imeachwa nyuma na ZEB ukijumlisha bei na gawio. Mwenye ZWB alipokea zaidi mkononi akabaki na mtaji mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalipigii kelele. Sehemu ya malipo ya mifuko ya aina hii huandikwa kuwa ni marejesho ya mtaji. Hayatozwi kodi mwaka huo, lakini yanapunguza gharama yako ya kununulia. Ulinunua kipande kwa dola 20, ukarejeshewa senti 40: kwa mahesabu ya kodi sasa ulikinunua kwa 19.60, na siku ya kuuza faida itaonekana kubwa zaidi. Kiasi hicho hutokea kwenye kisanduku cha 42 cha T3, karatasi ya kodi unayotumiwa mwezi Machi, na ni wewe, si dalali, mwenye wajibu wa kuweka kumbukumbu sahihi. Ndani ya TFSA (akaunti ya akiba isiyotozwa kodi) au RRSP (akaunti ya kustaafu inayoahirisha kodi) usumbufu huo haupo.

Je, zina mtu wake? Zipo kwa mstaafu anayehitaji pesa sasa, aliyekubali kwamba mtaji hautakua sana, na anayejijua kwamba hataweza kuuza vipande kwa mkono wake mwenyewe soko likiwa chini. Kwa kijana wa miaka 35 anayefanya kazi mbili Brampton na kurudisha gawio lote kununulia vipande vingine, sioni mantiki: analipa ada mara tatu ili apokee pesa asizozihitaji. Zile za asilimia 10 na zaidi, ambazo baadhi yake hukopa pesa juu ya kuuza opsheni, nasema hivi tu: soma zinashika nini, kisha angalia bei ya kipande miaka mitano nyuma. Bei ikiwa inateremka ngazi mwaka hadi mwaka, gawio hilo ni mtaji wako unarudishiwa kwa awamu.

XEQT: gawio dogo, dunia pana

Soko la Kanada ni asilimia 3 hivi ya masoko ya hisa duniani. Lina mabenki, mafuta, reli na madini. Kampuni za dawa ni kama hazipo, na teknolojia ni Shopify, Constellation na wachache wengine. Wazee wa huko wanaikumbuka Nortel, ambayo mwaka 2000 ilikuwa peke yake zaidi ya theluthi ya faharasa kuu ya Toronto. Januari 2009 iliomba hifadhi ya kufilisika. Faharasa nyingi za Kanada zinazofuatwa na ETF leo zina kikomo cha asilimia 10 kwa kampuni moja, na kisa hicho hakiko mbali na sababu.

XEQT inagawa pesa zako takriban hivi: asilimia 45 Marekani, 25 Kanada, 25 nchi nyingine zilizoendelea, 5 masoko yanayoinukia. VEQT ya Vanguard ni jirani yake, na asiyetaka hisa tupu ana VGRO au VBAL zenye hatifungani ndani. Unanunua kitu kimoja na kujipanga upya kunafanywa kwa niaba yako.

Lakini gawio ni asilimia 2 au chini. Mwenye kutaka dola 6,000 kwa mwaka kutoka mtaji wa 150,000 atapata 3,000 za gawio, na nyingine 3,000 atazipata kwa kuuza vipande. Watu wa kwetu wengi hapo hushtuka. Kuuza mtaji kunaonekana kama kula mbegu. Kwa hesabu, hata hivyo, kuuza asilimia 2 ya vipande na kupokea asilimia 2 ya ziada ya gawio ni jambo moja, isipokuwa kwamba kuuza unachagua wewe lini na kiasi gani, na kwenye akaunti ya kawaida inayotozwa kodi ni nusu tu ya faida ya mtaji ndiyo inayohesabiwa kwenye kipato. Gawio linakuja utake usitake.

Ugumu wake ni wa moyo, si wa hesabu. Machi 2020, soko likiwa limeanguka kwa theluthi ndani ya wiki chache, kuuza vipande kulihitaji ujasiri. Kwa anayejijua hivyo, mchanganyiko wa XEQT kwa theluthi mbili na XEI kwa theluthi moja unaleta karibu asilimia 3 bila kufanya lolote, na dunia bado imo. Hilo ndilo ningelifanya mimi katika miaka ya kuelekea kustaafu. Kabla ya hapo, XEQT peke yake.

Hatifungani nazo hutoa kipato, na ZAG, mfuko wa hatifungani za Kanada, hulipa kila mwezi kwa ada ya asilimia 0.09. Ila 2022, Benki Kuu ya Kanada ilipokuwa ikipandisha riba kutoka asilimia 0.25, faharasa ya hatifungani za Kanada ilishuka kwa zaidi ya asilimia 11. ETF za akiba kama CASH, ambazo huweka pesa benki kwa riba, ziliwapa watu karibu asilimia 5 mwaka 2023. Riba ya Benki Kuu ilipofika 2.25 Oktoba 2025, gawio lake nalo lilikuwa limeshuka sana. Ni mahali pa kuweka pesa ya dharura, si mpango wa miaka ishirini.

Akaunti inabadilisha jibu

TFSA kwanza. Kikomo cha mwaka kimekuwa dola 7,000 tangu 2024. Utakutana na matangazo yanayosema mtu anaweza kuweka zaidi ya 100,000 kwa jumla. Hiyo ni kwa aliyekuwa mkazi wa Kanada na mtu mzima tangu 2009. Aliyehamia 2022 kutoka Bukavu au Mombasa anahesabiwa kuanzia 2022. Kuzidisha hutozwa asilimia 1 kila mwezi. XEI na VDY zinakaa vizuri humu: gawio la Kanada halikatwi hata senti. Gawio la Marekani hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla ya kufika, na ndani ya TFSA hiyo hairudi.

Ndani ya RRSP mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili unaondoa zuio hilo, lakini kwa sharti: uwe umenunua moja kwa moja ETF iliyoorodheshwa Marekani, kama SCHD yenye ada ya 0.06. XEQT ndani ya RRSP bado inakatwa kwenye sehemu yake ya Marekani. Uokoaji wenyewe ni mdogo kwa mifuko mipana, na dalali akikutoza asilimia 1.5 kubadilisha dola, umeshautumia wote.

Akaunti ya kawaida ndiyo yenye mtego unaowagusa wazazi. Gawio la kampuni za Kanada hupewa nafuu ya kodi, na mtu wa kipato cha chini anaweza asilipe kodi ya serikali kuu kabisa juu yake. Lakini ili nafuu hiyo ihesabiwe, gawio huongezwa kwanza kwa asilimia 38. Dola 1,000 zinaandikwa 1,380, na 1,380 ndizo zinazoangaliwa kwenye kupanga posho ya watoto ya CCB. Familia yenye watoto wawili na kipato kati ya 37,000 na 81,000 hivi hupunguziwa asilimia 13.5 ya kila kinachoongezeka: takriban dola 186 za posho kwa gawio la 1,000. Hakuna kodi iliyolipwa, na pesa zimeondoka. Kwa wazee, ongezeko hilohilo huweza kugusa pensheni ya OAS. Jaza TFSA kabla ya kugusa akaunti ya kawaida.

Na wenye nyumba ya kupangisha Dar es Salaam au Nairobi: fomu ya T1135 hudaiwa mali za nje zikigharimu jumla ya zaidi ya dola 100,000 wakati wowote wa mwaka. Mwaka wa kwanza wa ukazi umesamehewa, na nyumba unayoitumia mwenyewe haihesabiwi. ETF ya Marekani iliyo kwenye akaunti ya kawaida inajumlishwa na nyumba hiyo. XEQT haijumlishwi, hata kama imejaa Apple na Microsoft, kwa kuwa mfuko wenyewe ni wa Kanada. Faini ya kuchelewa ni dola 25 kwa siku, hadi 2,500.

Limebaki swali ambalo Waislamu wengi wa pwani na wa Kongo huuliza kabla ya yote. VDY, XEI, ZWC na ZEB zimejengwa juu ya mabenki ya riba, kwa hiyo kwa anayejiepusha nayo ulinganisho wote wa juu unaanguka, na XEQT nayo ina mabenki ndani. Kanada ina WSHR ya Wealthsimple, inayochuja hisa za dunia kwa vigezo vya sharia, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 0.5. Ni ghali kuliko XEQT, na gawio lake ni dogo, kwa kuwa mabenki na kampuni zenye madeni mengi zimeondolewa. Zile dola 500 za mwezi zitapatikana kwa kuuza vipande, kwa hiyo mwenye WSHR aamue mapema atauza vingapi na tarehe gani, halafu awe anauza tarehe hiyo bila kuangalia bei.